Kukadiria maambukizi yaliyopita kwa kupima kingamwili

Watu wengi wanaoambukizwa virusi vya dengi hawaugui kiasi cha kwenda hospitali, kwa hiyo rejista za wagonjwa huwakosa. Damu yao, hata hivyo, hubaki kwa miaka mingi na kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na kirusi. Watafiti huchukua sampuli za damu za watu wa rika mbalimbali, kisha hutumia modeli ya takwimu kukadiria maambukizi yalikuwa yakienda kwa kasi gani huko nyuma.

Asilimia inayotoka maabara haichukuliwi ilivyo. Tuseme kipimo hugundua 90% ya walioambukizwa, lakini pia huwasingizia 2% ya wasioambukizwa. Kati ya watu 1,000, kimewaonyesha 50 kuwa na kingamwili. Ukipiga hesabu, walioambukizwa kweli ni kama 34: kipimo kimewanasa 31, na 19 waliobaki wamesingiziwa. Ugonjwa ukiwa adimu, ile 2% ndiyo ya kuogopwa. Fomula ya masahihisho haya, waliyoitoa watafiti Rogan na Gladen mwaka 1978, ni fupi mno. Sioni kisingizio cha kuiruka.

Utamu wenyewe uko kwenye umri, na mtafiti Hugo Muench aliliona hilo tangu miaka ya 1930. Mwenye miaka 10 amekaa hatarini miaka 10, wa miaka 40 amekaa 40. Kama kila mwaka wanaambukizwa 5% ya wale ambao bado, kufikia umri wa miaka 10 watakuwa wameambukizwa 40%, na kufikia 20 ni 64%, wala si 80%, maana wa kuambukizwa wanazidi kupungua. Mtafiti huianza hesabu hii mwishoni: asilimia za kila rika anazo, anatafuta kasi ya mwaka inayoweza kuzizaa. Akikuta walio chini ya miaka 10 karibu wote hawana kingamwili, ilhali nusu ya wenye miaka 12 wanazo, atashuku mlipuko uliopita kabla wale wadogo hawajazaliwa.

Kingamwili nyingine hufifia. Za malaria hupungua mtu asipoambukizwa tena, hivyo modeli huongezewa kasi ya pili, ya kuzipoteza.

Chanjo nayo huacha kingamwili. Kwa korona, watafiti wengi walipima zile za protini ya ndani ya kirusi, kwa kuwa chanjo nyingi zilifundisha mwili protini ya nje tu. Palipotumika chanjo ya kirusi kizima kilichouawa, mbinu hiyo haikufaa.