Mafunzo ya kemikali hatarishi yamfikie anayeshika pipa

Tukikagua ghala la kemikali, swali la kwanza hatumuulizi meneja. Tunamuuliza kijana anayepakua mzigo: hili pipa lina nini, na likipasuka sasa hivi utafanya nini? Akianza kumtazama msimamizi wake ili apate jibu, hapo tayari tumejua hali ya mafunzo katika ghala hilo, hata kama ofisini vyeti vimejaa ukutani.

Sheria haina utata. Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa na mafunzo kuhusu hatari za kazi yake. Kemikali za viwandani na majumbani zina sheria yake ya mwaka huohuo, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya wajibu kama huo umo katika sheria yao ya mwaka 2007. Mkataba Na. 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unaeleza zaidi: mfanyakazi afundishwe kusoma lebo na karatasi ya usalama ya kemikali, mafunzo yawe endelevu, na akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba maisha au afya yake iko hatarini, ana haki ya kuondoka mahali hapo bila kuadhibiwa.

Tatizo ni kwamba wengi huchukulia mafunzo kuwa semina moja ya jumla. Mhadhiri anakuja, picha zinaonyeshwa, chakula kinaliwa, watu wanasaini. Semina ya namna hiyo haimsaidii anayehamisha sianidi ya sodiamu kwenda migodi ya dhahabu Kanda ya Ziwa. Huyo anapaswa kujua mambo ya sianidi yenyewe: kwamba ikikutana na tindikali hutoa gesi inayoua kwa dakika chache, kwa hiyo haipangwi karibu na tindikali, iwe stoo au ndani ya lori. Ajue lazima ikae pakavu. Na ajue kwamba moto ukizuka hapo, mtungi wa kuzimia moto wa hewa ya ukaa hautumiki, kwa sababu hewa hiyo ikiungana na unyevu hufanya kazi ya tindikali. Jambo hili la mwisho huwashangaza hata watu wenye uzoefu, kwa kuwa mtungi huo ndio ulio karibu na mlango.

Yote hayo yameandikwa katika karatasi ya usalama, ile ambayo stoo nyingi huiita MSDS. Ina sehemu 16. Simtaki mpakiaji azikariri zote. Azifahamu vizuri ya 4 (huduma ya kwanza), ya 5 (moto), ya 6 (kumwagika), ya 7 (kushika na kutunza) na ya 8 (vifaa vya kinga). Karatasi hizi mara nyingi huja kwa Kiingereza na kufungiwa kwenye faili ofisini. Mwajiri azitoe, zielezwe kwa Kiswahili, zibandikwe pale mzigo ulipo.

Vifaa vya kinga navyo vinahitaji kufundishwa kwa mikono. Barakoa ya vumbi haizuii gesi ya klorini hata kidogo, lakini ukimvalisha mtu bila kumweleza, ataingia kwenye gesi akiamini amekingwa. Glavu za kitambaa ni mbaya kuliko mtu anavyodhani: zikilowa kostiki soda, kemikali inayounguza ngozi, huifyonza na kuigandamiza kwenye ngozi, na anayezivaa huchelewa kuzivua. Somo zuri la kostiki hufanyika karibu na bomba la maji, kila mmoja akionyesha jinsi anavyovua glavu bila kugusa upande wa nje, kisha jinsi ya kumwogesha mwenzake macho kwa maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 au zaidi. Hatua hiyo haingoji gari la wagonjwa.

Barabarani, dereva na utingo wake wanahitaji somo la dakika za kwanza baada ya ajali. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Zaidi ya 100 walifariki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kuufuata moto ulio mbali. Kwa hiyo dereva akiweza kutoka, azime injini, apige simu akitaja namba ya utambulisho wa mzigo iliyo kwenye kibao cha gari (petroli ni 1203), asimame upande upepo unakotoka, awazuie watu wasisogee wala kuwasha chochote. Kupambana na umati ni kazi ngumu kwa mtu mmoja aliyetoka kupata ajali, ndiyo maana lazima aifanyie mazoezi kabla.

Mafunzo husahaulika, na kemikali hubadilika. Marekani, kwa usafirishaji wa mizigo hatarishi, mfanyakazi mpya anapaswa kufunzwa ndani ya siku 90, na kabla ya hapo hufanya kazi hiyo chini ya uangalizi wa karibu wa aliyekwisha kufunzwa. Hupimwa kwa mtihani, hurudia angalau kila miaka 3, na kumbukumbu zinaandikwa: jina, tarehe, kilichofundishwa, nani alifundisha. Kwa anga, chini ya kanuni za IATA, yaani chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ni kila miezi 24. Huku kwetu mwajiri hahitaji kusubiri akumbushwe ndipo aanzishe daftari la namna hiyo. Na kemikali mpya ikiingia stoo, somo lifanyike kabla ya pipa la kwanza kushushwa.

Ninaomba sana tuwakumbuke vibarua. Wanaokotwa getini asubuhi, wanalipwa jioni, hawamo kwenye orodha ya semina yoyote, na mara nyingi ndio wanaobeba. Kwa kibarua wa siku moja, msimamizi amwonyeshe alama kwenye pipa, amweleze inachofanya mwilini, amvalishe vifaa sahihi, amwonyeshe bomba la maji na njia ya kutokea, kisha amwambie arudie kwa maneno yake mwenyewe. Asipoweza kurudia, apewe kazi nyingine siku hiyo.