Kugeuka tui si kufyonzwa: dhana potofu kuhusu dawa za mafuta

"Dawa haiyeyuki majini? Ongeza dozi." Utumbo haufyonzi unga. Lumefantrini, iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria, hufyonzwa takriban mara 16 zaidi ikinywewa na mlo wa mafuta mengi kuliko tumbo likiwa tupu. Mchanganyiko unaojigeuza tui (matone ya mafuta yaliyotawanyika majini) huja na mafuta yake mwenyewe: dawa imeshayeyushwa ndani ya mafuta, safaktanti (kitu kinachoyafanya mafuta na maji yachanganyike, kama sabuni) na kiyeyushi, na msukosuko wa tumbo unatosha kuuvunja kuwa matone madogo.

"Mafuta ya nazi ya nyumbani yanatosha." Hayo huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yakiganda dawa hujitenga. Viwandani hutumika sehemu yake iliyochujwa, ya minyororo ya kaboni 8 na 10, inayobaki majimaji. Mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) ya Pemba ndiyo usiyaguse kabisa: yana eujenoli tele, kemikali kali ya karafuu, nayo huunguza utando wa tumbo.

"Safaktanti ikizidi ndiyo bora." Ikizidi huudhi utumbo, na mchanganyiko ukikutana na maji hufanya rojo zito linalochelewa kuvunjika.

"Maji yakishakuwa kama tui, kazi imekwisha." Hapa ndipo wengi wanapoponea chupuchupu au wanapoumbuka. Anza, kwa mfano, na mafuta sehemu 30, safaktanti (polisobeti 80) sehemu 50 na kiyeyushi sehemu 20, kwa uzito. Tia dawa pungufu ya kiwango cha juu kinachoweza kuyeyuka humo, tuseme asilimia 80 ya kiwango hicho. Chukua mililita 1, mimina kwenye mililita 250 za maji ya nyuzi 37, koroga polepole, mizunguko 50 kwa dakika. Ndani ya dakika moja iwe imeenea. Ikiwa angavu yenye ubuluu hafifu, matone ni madogo sana. Nyeupe kama kasimile, ni makubwa zaidi. Michirizi ya mafuta ikielea juu, rudi kwenye uwiano.

Kisha usimwage! Acha saa 24, utazame chini ya chombo. Fuwele zikitua, dawa imetoka kwenye matone hata kama tui halijakatika. Kwa kawaida mkosaji ni kiyeyushi: ethanoli hukimbilia majini na kuiacha dawa. Punguza kiyeyushi au dawa, urudie, safari hii kwa tindikali kama ya tumboni, halafu kwa nyongo na lipasi (kimeng'enya cha mafuta) kama utumboni, maana mafuta yakimeng'enywa dawa inaweza kuanguka tena.

"Siklosporini ni siklosporini." Sivyo. Dawa hii huzuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa, na huuzwa kwa majina tofauti: Neoral, inayojigeuza tui la matone madogo sana, hufyonzwa zaidi ya Sandimmune. Habadilishiwi mgonjwa bila daktari kupima kiwango cha dawa kwenye damu.

"Kila dawa ngumu kuyeyuka itengenezwe hivi." Albendazoli wanayotafuna watoto wa skuli, Unguja na Pemba, inawinda minyoo ndani ya utumbo, kwa hiyo kuifyonza zaidi si lengo. Ni pale mabuu ya tegu yanapokuwa nje ya utumbo, kwa mfano kwenye ubongo, ndipo hunywewa na mlo wenye mafuta.