Waridi la Sharoni halimo katika Biblia yetu: dhana potofu kuhusu maua ya Maandiko

Napamba maua ya misa na ya arusi hapa Mjini Unguja, na siku za Alhamisi nafundisha Maandiko katika jumuiya yetu. Katika kazi zote mbili hakuna jambo ninaloambiwa mara nyingi kama hili, kwamba altare ipambwe kwa mawaridi mekundu kwa sababu Yesu mwenyewe alijiita Waridi la Sharoni. Juzi alinijia mama wa bibi arusi na karatasi iliyopanga kila ua na maana yake: waridi jekundu ni damu, jeupe ni ubikira, la manjano ni utukufu. Nilipomwomba anioneshe mstari, alinijibu kwa upole kabisa, "Umo, mwalimu, mbona watu wote wanaujua." Mstari huo haumo, na nimechoka kulisema jambo hili kwa mtu mmoja mmoja.

Maneno yanayodhaniwa kuwa ya Yesu yamo katika Wimbo Ulio Bora 2:1, kitabu cha Agano la Kale. Ukiifungua Biblia ya Union ya mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyo majumbani mwa wengi wetu, hutaona waridi wala Sharoni, utasoma, "Mimi ni ua la uwandani, ni nyinyoro ya mabondeni." Sharoni ni uwanda wa pwani ya Israeli unaoanzia upande wa Yafa na kupanda kuelekea mlima Karmeli, na watafsiri wa kale wa Kiyunani walipofika hapo waliandika "ua la uwanda", nao wa Kilatini wakaandika "ua la shamba". Watafsiri wetu wa Kiswahili waliishika njia hiyo. Waridi la Sharoni liliingia kwa mlango wa Kiingereza, katika tafsiri ya King James ya mwaka 1611, likapita katika nyimbo na mahubiri, na leo linatufikia kwa simu likiwa limevikwa picha ya msalaba. Inanisikitisha kwamba sisi wa mji huu, ambamo Askofu Edward Steere aliifanya kazi ya kuyatia Maandiko katika Kiswahili tangu karne ya 19, tunaiacha Biblia ya lugha yetu juu ya kabati na kwenda kuazima ua la watu wengine.

Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni havatseleti, na katika Biblia nzima ya Kiebrania limeandikwa mara mbili tu, hapo na katika Isaya 35:1, jangwa linapotabiriwa kuchanua. Watafsiri wetu waliandika "waridi" kwa Isaya, na nakiri kwamba hilo limewachanganya wasomaji. Wajuzi wa mimea ya nchi ile hawajaafikiana ni ua gani hasa, lakini wengi wao wanaelekea kwenye mimea inayoota kutokana na mashina ya ardhini yaliyo kama vitunguu, wala si waridi la miiba linalouzwa madukani. Wakatoliki wenzangu watanikumbusha kwamba Yoshua bin Sira 24:14 hutaja mawaridi ya Yeriko. Ni kweli, ila anayesema pale ni Hekima, na Yeriko si Sharoni. (Huko Marekani kuna kichaka cha bustanini kinachoitwa kwa jina hilohilo la Waridi la Sharoni, asili yake ni Asia ya Mashariki, na kwa ukoo ni ndugu wa bamia.)

Lililo kubwa zaidi ni kuuliza nani anasema. Wimbo Ulio Bora ni mazungumzo ya wapendanao, na katika mstari wa pili mwanamume anajibu kwamba mpenzi wake kati ya wanawake wengine ni kama nyinyoro kati ya miiba. Jibu hilo linaonesha kwamba aliyejiita ua katika mstari wa kwanza ni mwanamke. Tena hajisifu: anasema yeye ni ua miongoni mwa maua tele ya uwandani, ambalo mpita njia huliruka bila kuliangalia, na mpenzi wake ndiye anayemwinua kwa kumwambia kwamba waliobaki wote ni miiba. Uzuri wa kifungu chote umo katika kujishusha kwa mmoja na kuinuliwa na mwingine, na uzuri huo unapotea pale tunapomnyang'anya bibi arusi maneno yake. Wapo walimu wa kale wa Kanisa, Origenes akiwa mmoja wao, walioyatafakari maneno haya kana kwamba ni ya Kristo. Tafakari ina heshima yake, nami siipingi, ila kutafakari kwamba ua linatukumbusha Bwana ni jambo moja, na kudai kwamba Bwana alisema ni jambo jingine.

Tukija kwenye ile karatasi ya rangi, Biblia haina kamusi ya maua ambamo rangi hii ni damu na ile ni utukufu. Maana iliyorudiwa kuliko zote katika Maandiko ni kwamba ua halidumu. Ayubu 14:2 humlinganisha binadamu na ua linalochanua kisha likakatwa. Zaburi 103 inasema upepo ukipita juu yake halipo tena. Isaya 40 inaliweka ua linalonyauka mbele ya neno la Mungu lisilonyauka, na Petro na Yakobo wote wawili wanaurudia mfano huo. Hata "maua ya mashamba" ya Mathayo 6, yaliyompita Sulemani kwa fahari, yanatajwa pamoja na majani ya kondeni ambayo kesho hutupwa kalibuni, yaani ni kuni za kuokea mkate, kama sisi tunavyochochea moto kwa makumbi ya nazi. Kwa hiyo mteja anaponitaka nimtafutie ua la Biblia lisilonyauka, na wapo wanaotaka hata ya plastiki kwa sababu hiyo, huwa ananiomba kitu ambacho Biblia imekikana.

Wengine wanaapa kwamba malaika Gabrieli alimletea Maria yungiyungi jeupe. Isome Luka 1:26-38 yote. Hamna ua hata moja, wachoraji wa Ulaya ndio waliolitia mkononi mwake karne nyingi baadaye.

Mpasheni, ambao ua lake watu hulisoma kama misumari na taji la miiba, asili yake ni Amerika ya Kusini. Hakuna mwandishi wa Biblia aliyepata kuuona.

Katazo la maua altareni wakati wa Kwaresima ni utaratibu wa liturjia wa Kanisa Katoliki, wenye ruhusa yake ya Dominika ya nne na ya sherehe, na si amri iliyoandikwa katika Maandiko.

Halafu kuna fimbo ya Haruni, ile iliyochanua maua. Watoto wa mafundisho huniambia ilikuwa ya mkungu, kwa sababu kungu nazo watu huziita lozi. Mlozi wa Hesabu 17 ni mti mwingine kabisa, wa ukoo mmoja na waridi, kwa hiyo anayelitamani waridi katika Biblia na amtazame huyu ndugu yake. Huchanua mapema, baridi ikiwa bado haijaondoka, na kwa Kiebrania jina lake linakaribiana na neno la kukesha; ndiyo sababu Yeremia anapooneshwa ufito wa mlozi anaambiwa kwamba Mungu analiangalia neno lake alitimize. Kinara cha taa cha hema la ibada la Waisraeli kilikuwa na vikombe 22 vya mfano wa maua yake, vitatu katika kila tawi kati ya yale sita, na vinne katika mti wake wa katikati. Hapa ishara imeandikwa waziwazi, na hakuna hata mteja mmoja aliyewahi kuniulizia mlozi.

Badala yake huagiza mawaridi kutoka Arusha, yanayovuka bahari na kufika yamechoka, na kwa joto letu huinamisha vichwa kabla ya Komunyo. Mimi huwashauri wachukue asumini iliyochumwa jioni ya kuamkia misa. Asumini haimo katika Biblia, wala sitamwongopea mtu kwamba imo, ila inanukia na ni yetu.

Anayetaka ua la Biblia kwa arusi ya Unguja analo uani kwake. Wapo mabibi arusi wa Kikristo wanaoikimbia hina wakidhani ni ya Waislamu peke yao, ilhali Wimbo Ulio Bora 1:14 unamfananisha mpenzi na kishada cha hina katika mashamba ya mizabibu ya En-gedi. Kinachosifiwa pale ni ua lenyewe, dogo, la rangi ya maziwa, lenye harufu inayokaa chumbani usiku kucha. Nitalifunga katika shada kwa furaha, mradi niambiwe siku tatu kabla, kwa sababu hupukutika upesi na lazima nijue ni mhina wa nani uliochanua.