Mgonjwa wa figo na sindano ya chanjo

Barazani hapa Unguja utasikia: “Anayesafishwa damu asichanjwe, atamalizwa figo.” Sivyo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B haina kirusi hai, haimwambukizi mtu. Tatizo ni jengine: figo zikishindwa, kinga ya mwili huwa nzito kuamka. Ndiyo maana mtu mzima aliye kwenye mashine ya kusafisha damu hupewa dozi maradufu, mara nyingi mikrogramu 40 badala ya 20, begani, kwenye mkono usiotumika kwa mashine. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho damu hupimwa. Kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na kirusi hicho, zikiwa chini ya yuniti 10 kwa lita, huchanjwa tena.

Aliyepandikizwa figo ndiye hasa wa kuchungwa, kwani dawa zake hushusha kinga. Chanjo zenye kirusi hai, mfano ya homa ya manjano, kwa kawaida hapewi.