Bosi anauliza "unaumwa nini hasa?"

Msimu wa korosho ukianza hapa Mtwara, ghalani hakuna anayetaka kusikia habari ya mtu kuumwa. Ndipo kliniki tunapoletewa maswali kama haya, hasa na wenye selimundu (sikoseli), kisukari na presha.

Nimepewa ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazi, ya siku tano. Lazima nimtajie bosi ugonjwa?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inadai cheti cha daktari. Haidai umsimulie historia ya damu yako. Mwambie anachohitaji kupanga zamu: "Shikamoo bosi. Daktari amenipumzisha siku tano, cheti nimempa karani. Jumatatu nipo kazini."

Na akizidi kuchimba?

Hapo wengi hulegea, wakamwaga yote. Mji wetu mdogo. Ukimwambia meneja asubuhi, jioni shangazi yako wa Chikongola anakupa pole. Lakini usimjibu kwa ukali, wala usidanganye kuwa ni malaria. Malaria haikulazi kila baada ya wiki sita, na uongo ukigundulika hata cheti chako halali kitatiliwa shaka. Mwambie: "Ni tatizo la muda mrefu, natibiwa. Kama kuna kazi unayohofia sitaiweza, niulize hiyo."

Swali la kazi lijibu kikamilifu. Kijana mwenye selimundu anaweza kusema asipangwe kupakia magunia juani kutwa nzima, na aruhusiwe kuwa na chupa ya maji pembeni, kwa sababu uchovu na upungufu wa maji mwilini huamsha maumivu. Hapo bosi ana la kufanyia kazi, na neno selimundu halijatajwa.

Kuna wakati inabidi kusema?

Upo. Mwenye kifafa asiendeshe foklifti, ile mashine ya kunyanyua mizigo, huku amenyamaza. Mwenye TB ya mapafu afuate daktari atakavyomwelekeza kuhusu lini arudi kukaa na wenzake. Kuhusu VVU, mwajiri haruhusiwi kukulazimisha kupima.

Nina siku ngapi?

Siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mwenye ugonjwa sugu aziandike daftarini, maana miaka mitatu ni mirefu na ofisi husahau kwa faida yake. Aliye kazini chini ya miezi sita kwa kawaida hana likizo ya malipo, ila sheria imewatoa walioajiriwa kwa msimu katika kizuizi hicho. Wa korosho, mmesikia?

Karani amekibandika cheti changu ukutani.

Mwombe akitoe, leo hii. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Safari nyingine kitie kwenye bahasha, umkabidhi mkononi, ubaki na nakala.

Nikifukuzwa kwa sababu ya kuumwa?

Mwajiri haruhusiwi kukuamkia asubuhi moja tu na barua. Kuna utaratibu wa kufuata, na kutafuta kama ipo kazi nyepesi unayoiweza ni sehemu yake. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Beba vyeti vyote, na lile daftari.