Noti Nyingi Si Utajiri

Wapo wengi, hata wanafunzi wa sekondari, wanaoamini kwamba serikali ingeweza kuondoa umaskini kwa kuchapa noti nyingi na kuwagawia wananchi. Dhana hii inachanganya fedha na mali. Kama sokoni kuna magunia 10 ya mahindi, kuongeza fedha mifukoni mwa wanunuzi hakuleti gunia la 11, bali kunapandisha bei ya yale 10.

Zimbabwe ililijua hilo kwa uchungu: Januari 2009 Benki Kuu yake ilitoa noti ya dola trilioni 100, yenye sifuri 14 na picha ya mawe yaliyobebana, na miezi michache baadaye sarafu hiyo ikaachwa. Walioumia zaidi, na hili halisemwi vya kutosha, ni waliokuwa wamejiwekea akiba benki.