Tundu la hewa jikoni, juu au chini?

Juzi nilikua kwa shem wangu Shangani, kahamia nyumba mpya, jiko lina tailzi mpaka darini, nikamuuliza gesi ikivuja inatokea wapi, akanionyesha vitofali vya matundu kule juu, eti gesi si inapanda. Na mtungi wenyewe kaufungia kwenye kabati chini ya sinki.

Hii ya "gesi inapanda" nusu kweli nusu uongo. Gesi ya bomba, hii asilia yetu ya Mnazi Bay, Mtwara, kweli inapanda, uzito wake kama nusu ya hewa na kidogo. Ila ya mtungi ni propani na butani, nzito mara moja na nusu hadi mbili kuliko hewa, inashuka na kutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, inajaa kabatini, inaingia mpaka kwenye shimo la maji machafu, inatulia inasubiri cheche. Kwa hiyo mwenye bomba tundu liwe juu, mwenye mtungi liwe chini usawa wa sakafu, na ukiwa na vyote viwili toboa kote. Mafundi wetu wengi hata hawaulizi unatumia ipi, wanaweka juu kwa mazoea.

Wengine wanasema hatari utaijua kwa harufu. Harufu imetiwa makusudi ili uvujaji ujulikane, sawa, lakini kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka moto ukikosa hewa, haina harufu wala rangi, na uzito wake unakaribiana na wa hewa so inasambaa chumba kizima. Ukiona moto wa njano na sufuria zinapiga masizi, hewa haitoshi. Mkaa ulioiva ndo mbaya zaidi, watu wanaona hauna moshi wanauingiza ndani mvua ikinyesha, wanafunga na dirisha.

Halafu feni ya ukutani ya kutoa hewa. Ukifunga madirisha nayo inavuta popote, jiko la mkaa likiwa kibarazani karibu na mlango hewa yake chafu inarudi ndani. Marekani kwenye nyumba zenye tanuru la kupasha joto, kanuni nyingi zinataka tundu la kurudisha hewa, yani linalovuta hewa ya chumba kuirudisha kwenye tanuru, likae angalau futi 10 toka kwenye moto, sababu ni hiyohiyo.

Na ukisikia harufu usikimbilie kuwasha hiyo feni jamani, swichi inatoa cheche. Funga valvu ya mtungi, fungua milango, toka.

Shem mtungi kautoa nje, kabatini sasa kuna masufuria.